Mkate wa Mtakatifu Sava

Waliomvunja Relja vidole walipewa onyo, na Relja naye akapewa onyo. Ndivyo shule ilivyoamua haki, na hawakuona haya kumsomea mama yake uamuzi huo ana kwa ana. Wale vijana watatu walionywa kwa mchezo uliopita kiasi. Relja alionywa kwa kuja na simu shuleni, maana bila ile simu, alieleza mwalimu mkuu, haya yote yasingetokea.

Mama yake, Nevenka, ni mhudumu wa dirishani posta. Amezoea kufokewa na watu wa kila namna kwa vifurushi vilivyochelewa, na huwajibu kwa upole hadi waone aibu wenyewe. Lakini siku ile alitoka ofisini kwa mwalimu mkuu bila hata kuaga. Upole wote aliokuwa nao ulikuwa umebaki mle ndani kwenye kiti.

Hiyo simu yenyewe ilikuwa na ujumbe mmoja. Mnamo Oktoba, wakati wa mapumziko, Strahinja wa mwaka wa tatu aliipora mikononi mwa Relja na kusoma kwa sauti yale ambayo Relja alikuwa amemwandikia mvulana wa mji wa ng'ambo ya mto. Yalikuwa maneno ya mapenzi, ya kitoto kabisa, yenye mwezi ndani yake. Kabla kengele haijalia, korido nzima ilishajua kwamba Relja wa mwaka wa mwisho anapenda wavulana. Kufikia mchana mji wote ulijua. Nevenka alizipata habari za mwanawe mwenyewe kwenye kundi la wazazi la simu, akiwa kazini, ambapo mama mmoja aliandika kwamba wenye watoto wa kiume sasa wafungue macho. Fikiria mtu aambiwe hivyo kuhusu mtoto aliyemzaa, katikati ya foleni ya wazee waliokuja kuchukua pensheni.

Jioni alimuuliza Relja kama amekula. Kisha akamwambia kwamba anajua, na kwamba humu ndani hakuna kilichobadilika. Radiša, baba yake, fundi wa boila na mtu wa maneno ya kuhesabu, alitoka kwenda bandani na kukaa huko mpaka chakula kikapoa. Aliporudi aliketi karibu na mwanawe, akakata nusu ya nyama yake, akaiweka kwenye sahani ya kijana. Relja alimwelewa.

Shuleni ndiko mambo yaliharibika. Choo cha wavulana cha ghorofa ya pili kikawa himaya ya Strahinja na wenzake wawili. Relja akaacha kunywa maji asubuhi ili asilazimike kuingia humo, na mama yake akadhani ni mtindo mpya wa vijana wa kupunguza mwili. Mwanzoni mwa Desemba hakuweza kujizuia. Walimmwagia kichwani ndoo ya maji ya kudekia, wakamwita shoga na mengine ambayo sitayarudia hapa, na aliposhika mlango ili atoke wakaubamiza. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilivunjika. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, mwalimu wa zamu alitakiwa kuwepo kwenye korido ile. Walimu walikuwa wanakunywa kahawa, na mlango wa chumba chao ulikuwa umefungwa kwa ajili ya baridi. Polisi nao walimwambia Nevenka kwamba hilo ni suala la shule.

Basi siku chache baadaye ikafika slava ya nyumba yao, yaani sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa familia, kwao siku ya Mtakatifu Nikola. Slava haina kadi wala mwaliko. Mlango unakuwa wazi tangu asubuhi, anayekuja amekuja, na mwenyeji hakai chini kutwa nzima. Anasimama na kuhudumia. Anayeingia huonjeshwa kijiko cha ngano iliyopikwa kwa sukari, na hata angekuwa ameichoma moto ghala yako, akishaionja ni mgeni wako. Mwaka ule alikuja hata jirani waliyekosana naye kwa ajili ya uzio. Na alikuja Bwana Vidosav, mwalimu mkuu, na chupa ya mvinyo mkononi.

Relja ndiye aliyeshika sinia mlangoni. Alilishika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa ndani ya plasta hadi kwenye kiwiko. Bwana Vidosav aliutazama mkono ule, akapiga ishara ya msalaba, akala ngano yake, akaingia. Kwa kuwa ni kipindi cha mfungo walimwandalia samaki na maharagwe ya kuoka, naye akala vizuri, akaongeza, akasifu. Akanywa glasi ya kwanza ya rakia, ile pombe kali ya matunda, na ya pili. Ndipo akafungua kinywa.

"Ndugu yangu Radiša, mwezi ujao wewe ndiye mwenyeji wetu wa Mtakatifu Sava. Hiyo ni heshima kubwa, na televisheni ya mkoa itakuja. Sasa tusiiharibu siku yetu. Kijana apumzike nyumbani, kwa usalama wake mwenyewe. Na baada ya hapo tumwandikishe kama mtahiniwa binafsi. Anasoma hapahapa kwa mama yake, anakuja kwenye mitihani tu, na cheti ni kilekile."

Ilikuwa kweli kwamba Radiša ndiye mwenyeji. Shule ile, kama shule zote za nchi, inamshika Mtakatifu Sava kuwa msimamizi wake, na kila mwaka mzazi mmoja wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huleta mkate, ngano na mshumaa. Januari iliyopita Radiša alikuwa ameupokea mkate kwa mwenyeji aliyetangulia, akaubusu mbele ya ukumbi mzima. Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa mrefu kuliko alivyotoka. Kwa fundi wa boila katika mji wenye madaktari na mawakili, lile halikuwa jambo dogo.

Relja alikuwa karibu na kabati akipanga glasi. Alisema bila kugeuka, "Kwa hiyo waliovunja wanabaki, aliyevunjwa anahama. Hesabu hiyo umefundishwa na nani, Mwalimu?"

Bwana Vidosav akacheka kama mtu anayesikia kasuku. "Mnaona huo mdomo? Mwanangu, hakuna anayekuchukia. Wewe usijionyeshe tu."

Asijionyeshe! Nevenka alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na birika la kahawa ya moto, na Mungu anajua alichowaza. Mtu amekula samaki wako, ameonja ngano kwenye mkono wa mtoto aliyeumizwa ndani ya shule yake, kisha anakwambia kwa sauti laini kwamba mtoto huyo ni aibu ya kufichwa. Lakini mgeni wa slava hafukuzwi. Alimmiminia kahawa, hakumwaga hata tone. Kisha akamwona mumewe akiinamisha kichwa kukubali.

Kilichomuumiza zaidi kuliko yote ni kile kichwa kilichoinama. Baadaye Radiša alijaribu kujieleza, akasema heri mtoto mzima nyumbani kuliko marehemu mwenye cheti cha shule. Hakuwa akisema uongo. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Nevenka alimwambia kwamba hofu yake anaielewa, lakini kwa nini imlipishe mtoto gharama na isimlipishe Strahinja. Wakaishi hivyo wiki kadhaa, wakisalimiana kama wapangaji.

Plasta ilitolewa katikati ya Januari. Mchana wa kuamkia sikukuu, Nevenka aliukanda mkate mwenyewe, na Relja akamsaidia, kwa sababu daktari alikuwa amesema unga ni dawa nzuri ya vidole vilivyokakamaa. Kazi yake ilikuwa kufinyanga njiwa wa kuweka juu ya mkate. Njiwa akatoka na miguu minne.

"Huyu ni chura," Nevenka alimwambia.

"Ni njiwa, mama. Ila hajionyeshi."

Walicheka mpaka Nevenka akajikuta analia, akasingizia unga. Asubuhi alimkuta kijana akipiga pasi shati la baba yake, na kwenye kiti pembeni lilikuwapo shati lake mwenyewe jeupe, nalo limeshapigwa pasi. Alipomaliza la baba alilichukua la kwake, akalitundika kabatini taratibu, akafunga mlango wa kabati. Mtoto wa miaka kumi na minane alikuwa amezoea kujiondoa mwenyewe kabla hajaondolewa, na mama yake alipoliona hilo damu ilimchemka.

"Livae," alimwambia.

"Wamesema nisije."

"Slava haina wa kuambiwa aje wala wa kuambiwa asije. Livae, Relja. Kama mtakatifu wa shule hataki wanafunzi, basi na atafute kazi nyingine."

Radiša alikuwa mlangoni ameshavaa koti, mkate umefunikwa kitambaa mikononi mwake. Akasema kwamba alimpa mwalimu mkuu neno lake. Nevenka akamjibu kwamba neno alilolitoa halikuwa lake, lilikuwa la mtoto, na hakumuuliza mwenyewe. Kama anataka atangulie na mkate wake. Radiša alitoka. Nevenka na mwanawe walipofika getini walimkuta amesimama kwenye theluji, anawangoja, masikio yamemwiva kwa baridi. Wakatembea watatu hadi shuleni.

Ukumbi ulikuwa umejaa mapema. Wanafunzi walikuwa wamevaa mashati meupe, wazazi makoti yao mazuri, na mwenye kamera wa televisheni ya mkoa alikuwa anahangaika na waya zake. Nevenka alishika nafasi yake mlangoni kama inavyompasa mke wa mwenyeji, akampa Relja sinia la ngano. Bwana Vidosav alipowaona alikuja mbiombio kutoka jukwaani huku akiendelea kuwatabasamia watu, maana kamera ilikuwa imeshawashwa.

"Mama Relja, tulikubaliana," alinong'ona.

"Mimi na wewe hatujakubaliana kitu."

"Nakuomba. Hii ni shule, si sebule yako."

"Ulipokuja sebuleni kwangu nilikulisha," Nevenka alimwambia, naye hakunong'ona. "Leo wenyeji ni sisi, na wewe hapa ni mgeni kama wengine. Onja ngano yako, Mwalimu, watu wapite."

Akaonja. Angefanyaje, na kamera iko pale. Nyuma yake watu wakaanza kupita mmoja mmoja, na hapo ndipo ungeweza kuujua mji ule kwa kijiko tu. Wapo waliochukua ngano wakamtazama Relja usoni, wakamtakia heri. Walio wengi waliila wakiwa wanatazama viatu vyao. Mama yule wa kundi la simu alijidai ana kisukari. Mwalimu wa darasa la Relja, Bi Tijana, ambaye sahihi yake ilikuwa chini ya lile onyo, alichukua punje chache kwenye ncha ya kijiko, akawa mwekundu hadi shingoni, akapita haraka.

Mwishoni akaingia Dragutin, baba yake Strahinja, pamoja na mkewe na mwanawe. Dragutin ana duka la vifaa vya ujenzi, ni mwenyekiti wa wazazi, na madirisha mapya ya ukumbi ule aliyatoa yeye, jambo ambalo mtu akilisahau hukumbushwa. Yeye pia ndiye aliyekuwa amepangwa kuupokea mkate siku ile na kuwa mwenyeji wa mwakani. Relja alimnyooshea sinia. Ngano haichagui wa kumlisha, na Nevenka alikuwa amejiapiza kwamba hata Strahinja atapewa kijiko chake kama wengine.

Strahinja alimtazama baba yake asijue la kufanya. Kwa nukta moja alionekana kama mtoto wa kawaida, mrefu kupita akili zake. Dragutin akauweka mkono wake kifuani pa mwanawe kumzuia.

"Ngano ya mkono huo hatuli," alisema, watu wasikie, na wakapita.

Kuna mambo ambayo hata mji mwoga unayajua. Kuikataa ngano ya slava mlangoni ni kumtemea mwenyeji mate, na minong'ono ilikatika ghafla, kuanzia nyuma hadi mbele. Relja alibaki na sinia.

Padri Gavrilo alianza sala, na wanafunzi wakaimba wimbo wa mtakatifu. Mtu yeyote angedhani mambo yatakwenda kama kila mwaka, kwa sababu ndivyo mambo yanavyokwenda, watu wakiimba vizuri juu ya chochote kile. Padri aliuchanja mkate upande wa chini kwa umbo la msalaba, akaumwagia mvinyo, akawaita wenyeji wawili, wa mwaka huu na wa mwaka ujao, waje waushike pande zote mbili, wauzungushe naye, kisha waumege. Dragutin alipanda akiwa amekwisha kuweka sura yake ya televisheni, akanyoosha mikono.

Radiša hakuuinua mkate. Aliweka viganja vyake viwili juu yake, akavituliza hapo, na wimbo ukajifia wenyewe.

"Hutaushika," alisema.

Bwana Vidosav alikohoa. Padri akauliza taratibu kuna nini, mwanangu. Radiša si msemaji. Maneno yalikuwa yanamtoka kama mtu anayefungua skrubu iliyoota kutu.

"Mkate huu ameukanda mke wangu na huyu mtoto wangu. Umeikataa ngano yake pale mlangoni. Basi na mkate huuwezi." Akameza mate. "Mwanao alimfungia mwanangu chooni, akambamizia mlango mkononi. Watu wote humu wanajua. Mimi nikanyamaza. Nilidhani kunyamaza ni adabu."

"Hapa si mahali pake," alisema Dragutin.

"Hapa ndipo mahali pake. Yametokea hapa, ghorofa moja juu ya kichwa chako."

Dragutin aligeuka kuutazama ukumbi, kama dukani kwake anapotaka wateja wamwone mfanyakazi mjinga. Akasema, kwa utulivu kabisa, "Angekuwa wangu, nisingethubutu kumtoa nje."

"Wangu namtoa," alisema Radiša. "Ndiyo maana nimekuja naye."

Nevenka alikuwa bado mlangoni. Angetamani kukimbia hadi jukwaani amkumbatie yule mzee wake mgumu wa kusema. Lakini mwenyeji alikuwa kazini, na yeye pia.

Dragutin alishuka. Mkewe akamfuata, na Strahinja, na nyuma yao watu wengi zaidi kuliko Nevenka alivyotegemea, wakiwemo wawili aliowahi kuwalelea watoto. Na Bwana Vidosav, mlezi wa shule yote, aliuangalia mkate, akamwangalia Relja aliyekuwa amesimama na sinia lake, kisha akakimbia. Alikimbia kumfuata Dragutin uani, bila koti, akimwita kwa jina. Ndani ya ukumbi kila mtoto aliyekuwa amebaki aliona mwalimu mkuu anamkimbilia nani.

Padri Gavrilo alisubiri mlango ufungwe. Akauliza nani atashika upande wa pili, maana mkate umeshabarikiwa na hauwezi kurudi nyumbani mzima. Watu wakaanza kusoma dari. Kilikuwa kimya cha kuudhi, kimya cha watu wema ambao kila mmoja anamngoja mwenzake awe mwema kwanza. Hatimaye alipanda Bi Tijana, akashika. Waliuzungusha, wakaumega, wakaubusu, na waliobaki wakaimba, kwa sauti ya chini lakini wakaimba. Baadaye Bi Tijana alimjia Nevenka na macho yenye machozi, akitaka kusema kitu. Nevenka hakumshukuru. Alimwambia kwamba lile onyo bado lipo kwenye faili la mtoto, na kwamba machozi hayafuti sahihi.

Siku iliyofuata mwalimu mkuu alipiga simu. Alisema jambo limekuwa kubwa, kwamba anaelewa uchungu wa wazazi, na kwamba kwa hali ilivyo utahiniwa binafsi ndiyo njia pekee. Jumatatu waje kuweka sahihi. Nevenka alimjibu kwamba Jumatatu watakuja.

Na wakaja. Relja aliingia darasani kipindi cha kwanza na begi lake. Nevenka, aliyekuwa ameomba likizo ya wiki moja posta, alipanda ghorofa ya pili, akasimama kwenye korido, katikati ya choo cha wavulana na cha wasichana, na mkoba wake mkononi. Mapumziko ya kwanza yalipofika, Strahinja na wenzake walitokea kwenye kona wakicheka, wakamwona, wakakumbuka wana shughuli kwingine. Mmoja wao alimwamkia kwa adabu, tabia ya nyumbani ikiwa imemponyoka bila kutaka.

Bwana Vidosav hakukawia. Alimwambia kwamba mzazi haruhusiwi kuwa ndani ya shule wakati wa masomo.

"Weka mwalimu wa zamu hapa, nami nitaondoka sasa hivi," alisema Nevenka.

"Hatuna walimu wa kutosha, mama."

"Mnao wa kutosha kukagua wanaovuta sigara getini. Nimewapita watatu."

"Unanilazimisha kuita polisi."

"Waite. Safari iliyopita niliwaita mimi wakagoma kuja. Labda wewe watakusikia, wakifika nitawaonyesha choo chenyewe."

Mwalimu mkuu alisimama kidogo akimtazama, akiwa na sura ya mtu ambaye maisha yake yote matatizo yamekuwa yakiondoka yenyewe akishayasemesha kwa upole. Hili halikuondoka. Akashuka ngazi. Polisi hawakuja. Kipindi cha tatu Bi Tijana alitokea na vikombe viwili vya kahawa, akaweka kimoja kwenye dirisha karibu na Nevenka, akaenda kusimama mwisho mwingine wa korido. Alibaki huko mpaka kengele. Nevenka aliinywa ile kahawa. Hapo ndipo uwezo wake wa kusamehe ulipofikia kwa siku ile.

Katika mapumziko marefu, watoto walipokwisha kumiminika uani, alimwona msichana mmoja kwenye ngazi. Nywele alikuwa amezikata fupi kama za mvulana, na mikono ya sweta aliivuta hadi ikafunika vidole. Hakuwa wa darasa la Relja. Nevenka hakuwa amewahi kumwona popote. Msichana alitazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama Nevenka kwa muda mrefu, kisha akapita mbele yake karibu anakimbia, akaingia chooni. Alipotoka, maji yakimdondoka mikononi, alisimama.

"Shangazi, wewe ni mlinzi mpya?"

"Mimi ni mama yake Relja. Nasimama tu hapa."

"Na kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Msichana akaitikia kwa kichwa. Alijifuta mikono kwenye sketi, akatazama tena pande zote mbili kama anayevuka barabara.

"Mwaka jana hakuwepo mtu," alisema.

Hakuwa akilaumu. Alilisema kama mtu anavyotaja hali ya hewa ya jana, kisha akaenda zake darasani. Nevenka, ambaye kwa wiki zile zote alikuwa na jibu la kumpa mwalimu mkuu, na polisi, na mumewe, na Dragutin na madirisha yake, alibaki pale koridoni akijiuliza mwaka jana yeye mwenyewe alikuwa wapi.